Baiskeli ya mzigo niliyoiunda mwenyewe Malindi inatikisika mbele nikipakia madafu. Kosa liko wapi?

MwanaMuyeye (#1)
Salaam wanauzi. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kujibu.

Mimi nauza madafu. Miaka sita nimebeba kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, kole mbili ubavuni na moja juu ya keria, na kila jioni mgongo unanidai. Mwaka huu nikasema basi, naunda baiskeli ya mzigo, ile ya kitanda mbele. Mzigo unakaa kati ya usukani na gurudumu la mbele, chini kabisa, unauona kwa macho yako. Nimeiunda uani kwetu Muyeye, wiki tano, usiku usiku baada ya kazi.

Nilivyofanya ni hivi. Fremu ya Black Mamba nimeiacha nzima. Kutoka chini ya kichwa chake (lile bomba fupi ambamo foku huzunguka) na pale penye krenki nimepeleka bomba moja la mraba, inchi moja na nusu, unene wa bati geji 16, urefu sentimita 110, hadi kwenye kichwa cha pili nilichokikata kwenye fremu ya chuma mbovu. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ni ileile ya Black Mamba. Nimeikata miguu pale katikati ilipo minyofu nikaiunga tena, ule mpindo wa chini umebaki kama ulivyokuwa, ikakubali gurudumu la inchi 20 la baiskeli ya mtoto. Usukani unaivuta foku kwa fimbo ya chuma ya milimita 12 inayopita chini ya kitanda. Kitanda ni mbao za mvinje.

Ikiwa tupu inateleza kama ngalawa. Nikipakia madafu 50 (nilipima kwenye mizani ya posho, kilo 86) mjini bado iko sawa. Tatizo ni mteremko wa kuelekea daraja la Sabaki. Ikishika kasi, mbele kunaanza kutikisika kushoto na kulia, kwanza kidogo kidogo, halafu kama mtu amekushika mabega anakutingisha. Juzi nilivuka mstari wa kati na lori linakuja. Nikibana breki inatulia. Nimelala siku mbili nikiifikiria. Kosa liko wapi?

Spoku36 (#2)
Hongera kwanza, kazi ya mikono si mchezo. Swali langu moja: hilo gurudumu la mtoto lina spoku ngapi?

KijanaGede (#3)
Pampu tu hiyo. Tairi laini hucheza. Jaza upepo mpaka kidole kisizame, kisha urudi hapa.

MwanaMuyeye (#4)
@Spoku36 nimehesabu, 28. @KijanaGede upepo najaza kila asubuhi, kaka. Tairi ni ngumu kama jiwe.

Spoku36 (#5)
28! Basi tafuta hapo kwanza. Black Mamba za zamani zilikuja na spoku 32 mbele na 40 nyuma, na waliozitengeneza hawakukosea hesabu. Gurudumu dogo lina nguvu kuliko kubwa kwa sababu spoku zake ni fupi, hilo nakubali, lakini lako liliundwa limbebe mtoto wa kilo 25.

Fanya hivi usiku kukiwa kimya. Pindua baiskeli, zungusha gurudumu polepole na upige kila spoku kwa ukucha kama mpiga udi anayetafuta sauti. Za upande mmoja zitoe sauti zinazokaribiana. Ukikuta moja inasema "dup" badala ya "ting", hiyo imelegea na jirani zake wanabeba mzigo wake. Mimi nilikuta nne kwenye gurudumu nililokuwa naliapia.

MsabahaWelda (#6)
Spoku zinaweza kuchangia ila si shina la tatizo. Shina ni hilo bomba MOJA. Ndugu yangu, umeweka kilo 86 juu ya uti wa mgongo mmoja wa inchi moja na nusu, mita nzima na zaidi. Huenda lisikatike, lakini linajisokota. Kitanda kikiegemea kushoto, kichwa cha mbele kinaelekea kushoto wakati fremu ya nyuma bado imesimama wima. Linarudi, linapitiliza, linarudi tena. Huo ndio mtikisiko wako.

Nimechomelea baiskeli tatu za aina hiyo. Ya kwanza niliitengeneza kwa chuma cha pembe, kile tunachoita anglaini, kwa sababu nilikuwa nacho. Nilishangaa chuma kinene vile kinavyojisokota kama utepe. Chuma kilicho wazi upande mmoja hakina ubishi na msokoto. Bomba lililofunga ndilo lenye ubishi, na likiwa nene kwa umbo, ubishi unazidi.

BintiMaweni (#7)
Picha iko wapi? Wanaume watatu wanatibu mgonjwa ambaye hawajamwona.

MwanaMuyeye (#8)
Simu yangu kamera imekufa, dada. Nitaazima ya shemeji kesho.

MzeeWaBandari (#9)
Kabla ya mtikisiko nataka kujua jambo jingine. Umesema ukibana breki inatulia. Breki zipi? Breki ya fimbo ya Black Mamba imepimwa kwa gurudumu la inchi 28, kwenye la inchi 20 haifiki rimu. Una breki ya mbele ama huna?

MwanaMuyeye (#10)
Sina, mzee wangu. Ya nyuma tu.

MzeeWaBandari (#11)
Mwanangu, simama hapohapo. Kilo 86 za madafu na wewe mwenyewe, mteremko wa Sabaki, kwa breki moja ya nyuma? Ukibana breki, uzito wote unakimbilia mbele na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, linaburura tu. Mvua ikinyesha ndio basi kabisa, maana rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki unateleza kama sabuni. Weka breki ya mbele ya kebo wiki hii. Mengine yatasubiri.

MamaMahamri (#12)
Naunga mkono #11 kwa mikono miwili. Mume wangu alivunjika mkono kwa baiskeli ya breki moja, na hakuwa hata na mzigo.

BintiMaweni (#13)
Nimesoma tena #1 na nimeona kitu nyote mmekiruka: ile fimbo ya milimita 12. Mimi kazi yangu ni tuktuk, na kwenye tuktuk mbele kukicheza sianzi na fremu, naanza na viungo. @MwanaMuyeye, ncha za fimbo umezifunga na nini?

MwanaMuyeye (#14)
Nimeziponda zikawa bapa, nikatoboa, nikapitisha bolti ya milimita 8 na wasa mbili kila upande.

BintiMaweni (#15)
Haya. Mwambie mtu akamate gurudumu la mbele kwa magoti, lisisogee kabisa. Wewe shika usukani na uuzungushe kidogo kidogo, kushoto, kulia. Ukisogea upana wa kidole kabla mwenzako hajasikia kitu magotini, basi tundu zako zimekula. Bolti ndani ya tundu la chuma laini, vumbi la Muyeye na chumvi ya bahari, wiki mbili tu limeshakuwa yai. Hapo gurudumu liko huru kucheza upana wote huo bila wewe kulizuia. Nunua boljointi ndogo mbili, vile viungo vya gololi, zinauzwa, zifunge na nati za kufuli.

KaskaziKusi (#16)
Nafuatilia kwa hamu. Hizi baiskeli za kitanda mbele ni za Waholanzi, sivyo? Niliziona kwenye video, mama amewapakia watoto watatu kama mikate.

Mwalimu_Fizikia (#17)
@KaskaziKusi umekaribia. Ya magurudumu mawili yenye kitanda kirefu kati ya usukani na gurudumu la mbele ni ya Denmark, ilianza miaka ya 1920, na jina lake hadi leo ni Long John. Waholanzi wao walikuwa na ya magurudumu matatu yenye sanduku, bakfiets, waokaji na wauza maziwa wakiitumia. Hiyo ya mama na watoto ni mtoto wa zote mbili.

Sasa turudi kwa mgonjwa. Wote mmesema la maana, lakini nadhani kosa liko kwenye foku, na naweza kuonyesha kwa hesabu.

Gurudumu la baiskeli hujinyoosha lenyewe kwa sababu linagusa ardhi nyuma kidogo ya pale ambapo mstari wa kichwa ungegusa ardhi ukiurefusha. Ni kama gurudumu la kitoroli cha dukani linavyofuata nyuma ya mguu wake. Umbali huo tuuite mkia. Mkia ukiwa wa kutosha, baiskeli inashika njia. Ukiwa mfupi, inasahau njia.

Chukua kichwa kilicholala digrii 68 kutoka ardhini na foku yenye mpindo (umbali ambao ekseli imetokeza mbele ya mstari wa kichwa) wa sentimita 7 na nusu, ambazo ni kadirio la haki kwa Black Mamba. Kwa gurudumu la inchi 28 mkia unatoka sentimita 6 na ushei. Weka gurudumu la inchi 20 kwenye foku ileile, pembe ileile: mkia unabaki sentimita 2 na ushei. Umekata theluthi mbili ya utulivu wake bila kujua.

Kupima: egemeza ufito mnyofu sambamba na kichwa cha mbele, ushuke katikati hadi sakafuni, weka alama ya chaki. Kisha ning'iniza timazi kutoka kwenye ekseli, weka alama ya pili. Ya kwanza iwe mbele ya ya pili. Pima kati yake.

MsabahaWelda (#18)
Mwalimu, kwa heshima, hapo napinga. Baiskeli yangu ya tatu niliipa mkia mfupi kwa makusudi. Mzigo ukiwa mbele na mkia ukiwa mrefu, usukani unakuwa mzito kama wa lori, na kona inakuangusha. Yangu ina sentimita 3 na inabeba mifuko miwili ya saruji bila kutikisika. Eleza hilo.

Mwalimu_Fizikia (#19)
Naeleza. Mkia mfupi unasaidia pale mzigo unapokaa juu ya foku yenyewe, mfano kikapu kilichofungwa kwenye usukani, kwa sababu mzigo unageuka pamoja na gurudumu. Kwa Long John mzigo uko kwenye fremu, haugeuki na foku. Ila nakubali moja: kwamba yako haitikisiki kwa sentimita 3 inaonyesha mkia peke yake si hukumu. Bomba lako la uti ni inchi ngapi?

MsabahaWelda (#20)
Mbili, geji 16. Na lina tegemeo la pembetatu upande wa nyuma.

Mwalimu_Fizikia (#21)
Basi umejijibu na umenijibu. Kwa unene uleule wa bati, ukitoka inchi moja na nusu hadi mbili, ubishi wa bomba dhidi ya msokoto unapanda mara 2.4 hivi, wakati uzito unaongezeka kwa theluthi moja tu. Huenda fremu yako ngumu inaufichia mkia wako mfupi aibu.

Spoku36 (#22)
Au spoku zako ziko sawa. Ni 36?

MsabahaWelda (#23)
Ni 36, haha. Umeshinda hiyo.

HamaliMstaafu (#24)
Vijana, nimebeba mizigo mji huu tangu soko la zamani likiwa ndilo soko. Mkokoteni, baiskeli, kichwa, vyote. Nawasikiliza na hesabu zenu na sijaona aliyeuliza madafu yamefungwaje. Dafu ni mviringo. Madafu 50 yaliyomwagwa kitandani ni kama kupakia mipira 50. Likisogea moja, linasukuma la pili, na kwenye mteremko yote yanatafuta upande mmoja, kisha yanarudi. Baiskeli itaachaje kutikisika?

Yaache kwenye kole, usiyakonyoe. Kole moja ilale kichwa mbele, ya pili kichwa nyuma, zishikane kama vidole vya mikono miwili. Juu yake gunia, juu ya gunia blada tatu, ile mipira ya kufungia mzigo, zivutwe mpaka zilie. Kamba usitumie, kamba hulegea mzigo ukitulia, blada inaufuata mzigo.

KaskaziKusi (#25)
Na maji ndani ya dafu hayachezi?

HamaliMstaafu (#26)
Dafu changa limejaa tele, ukilitikisa sikioni halisemi kitu. Likisema, hilo linakwenda kuwa nazi.

MamaMahamri (#27)
Mzee amesema kweli. Mimi nilikuwa nikibebewa maji ya kupikia kwa baiskeli. Jerikeni zikiwa zimejaa hadi shingoni, kijana anakuja amenyooka. Zikiwa nusu, unamwona kutoka mbali anayumba kama mlevi, na ni kijana wa msikitini. Maji yakipata nafasi yanatembea.

KijanaGede (#28)
Uzi huu umenipa hamu. Nina mabomba ya maji ya zamani, yale ya chuma cheupe yaliyopakwa zinki, inchi mbili. Yatafaa kwa uti? Hayashiki kutu upesi na sisi hapa pwani kutu ndiyo adui.

MsabahaWelda (#29)
Yatafaa kwa nguvu, ila ni mazito, na ile zinki ni balaa ukiichoma. Nilichoma moja ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Jioni mdomo ukawa na ladha tamu ya chuma, usiku nikatetemeka kama mtu wa malaria, kesho yake ikaondoka. Nilikwenda kupimwa, malaria hakuna. Ni moshi wa zinki. Futa zinki kwa grainda vidole vitatu kila upande wa kiungo, chomea nje upepo ukikupiga mgongoni, na vaa barakoa ya kweli, si leso.

KijanaGede (#30)
Niliambiwa ukinywa maziwa kabla, hayakudhuru.

MsabahaWelda (#31)
Nami niliambiwa hivyo na nilikunywa nusu lita. Moshi unaingia mapafuni, maziwa yanaingia tumboni. Havikutani.

MwamuHalisi (#32)
Salaam kutoka Lamu. Nyinyi mnasumbuka na spoku na mikia, sisi huku tuna punda. Abebe mawe ya matumbawe, mchanga, saruji, hatikisiki, na kona anazijua mwenyewe. Baiskeli ya mita mbili na nusu haiwezi kupinda Mkomani hata ikiwa tupu. Pale Usita wa Mui wakikutana punda wawili wenye shehena, watu wanaingia barazani wawapishe.

BintiMaweni (#33)
Punda wako anakula hata siku ambayo hakuna kazi, ndugu yangu. Baiskeli inaegemea ukuta.

MwamuHalisi (#34)
Na punda akizeeka nyumbani ana mwanawe. Baiskeli yenu imezaa lini? Lakini kwa dhati, kwa Mokowe huku bara ningependa kuiona hiyo ya kitanda. Barabara ipo sasa.

MwanaMuyeye (#35)
Wakuu, nimerudi. Siku nne. Nimefanya mliyoniambia na nataka kusema moja moja ili mnisahihishe.

Breki ya mbele: nimeweka, ya kebo. Mzee wa Bandari, shikamoo, na ahsante.

Spoku: nilipiga zote usiku watoto wamelala. Tatu zilisema "dup". Nimezikaza.

Fimbo: dada Maweni, ulisema upana wa kidole. Wangu ulikuwa kidole na nusu. Nilishikwa na aibu. Nimeweka boljointi na sasa usukani ukigusa, gurudumu linajibu hapohapo.

Mkia: nilipima kwa timazi ya jirani yangu mwashi. Chaki hadi chaki, sentimita 1.8.

Nikapakia madafu yaleyale, kwa mtindo wa mzee Hamali, nikaenda Sabaki alfajiri barabara ikiwa tupu. Bado inatikisika. Imepungua, naweza kusema nusu, lakini ipo.

TyubuNaKiraka (#36)
Mimi msomaji wa kimya ila hapa siwezi kunyamaza. Umesema kwenye #1 foku umeikata miguu katikati ukaiunga. Umeiunga vipi? Umeweka bomba dogo ndani ya kila mguu kama mfupa, ama umechomea ncha kwa ncha?

MwanaMuyeye (#37)
Ncha kwa ncha. Fundi mmoja alinichomea kwa umeme, rodi ya 2.5.

TyubuNaKiraka (#38)
Usiipande tena. Nasema kwa mapenzi. Mguu wa foku una bati jembamba, rodi ya umeme inalila pembeni mwa mshono, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Huuoni kwa rangi juu. Safisha mshono kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, mwaga mafuta ya taa, futa kavu, paka unga wa chaki. Subiri dakika kumi. Pakiwa na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki.

Kaka yangu foku ilimkatikia akiwa na mifuko miwili ya unga. Meno mawili ya mbele hana hadi leo. Huenda mtikisiko wako ni huo tu, mguu mmoja umelegea kuliko mwenzake.

Mwalimu_Fizikia (#39)
Sikuwaza hilo. Ahsante sana. @MwanaMuyeye sikiliza #38 kabla ya hesabu zangu zote. Tafuta foku nzima ya baiskeli ya inchi 20, ile ya BMX ya chuma. Ina mpindo mdogo, kwa hiyo itakurekebishia na mkia palepale. Kwa pembe yako unataka mpindo wa sentimita 4 ili upate mkia wa 6.

KaskaziKusi (#40)
Wakati tunasubiri: kwa nini asitengeneze ya mzigo nyuma? Kurefusha nyuma ni rahisi, hakuna fimbo wala kichwa cha pili.

Spoku36 (#41)
Hiyo nayo ina historia na ya kwetu imo. Xtracycle ya Marekani ndiyo iliyoeneza kurefusha nyuma, na wazo lilikomaa Nikaragua. Na hapa Kenya kulikuwa na Big Boda, ilitengenezwa Kisumu miaka ya 2000, baiskeli iliyorefushwa nyuma ibebe abiria wawili au shehena. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la usanifu la Cooper-Hewitt, New York. Kwa hiyo tukisema tunaunda, hatuanzi sifuri.

HamaliMstaafu (#42)
Ya nyuma huoni mzigo. Vijana wa sokoni watakuchomolea dafu moja moja mpaka ufike Barani una kole tupu.

MamaMahamri (#43)
Na mimi nataka ya mbele, kwa sababu hiyo hiyo. Mwana wa Muyeye, ukimaliza nitengenezee ya ndoo mbili za mahamri na jiko la makaa. Iwe chini, nipande na buibui langu bila kuinua mguu mpaka kiunoni, na stendi iwe pana, isiyumbe mafuta yakiwa ya moto. Nalipa, siombi.

MwanaMuyeye (#44)
Mama, nitakutengenezea. Ila nipe nimalize hii isije ikakumwagia mafuta.

Kuhusu #38. Nimefanya leo mchana. Mguu wa kushoto chaki ilibaki nyeupe. Mguu wa kulia ulichora mstari, mwembamba kama unywele, robo ya mzunguko. Niliutazama nikakaa chini. Mke wangu alikuja akauliza nini, nikamwonyesha, akaenda akaichukua foku akaitupa juu ya paa la makuti ili nisije nikaifunga tena. Iko huko mpaka sasa.

TyubuNaKiraka, sikujui, lakini Mungu akuweke.

TyubuNaKiraka (#45)
Amin. Iache juu ya paa.

MsabahaWelda (#46)
Alhamdulillahi. Na bado nasema bomba.

MwanaMuyeye (#47)
Nimepata foku nzima ya BMX. Mkia sasa ni sentimita 5.7. Nimejaribu asubuhi mbili.

Ya kwanza, madafu kilo 86. Sabaki: hakuna kutikisika mpaka kasi kubwa sana, kisha kidogo, unasikia viganjani tu. Lakini kuna jipya. Mjini, nikigeuka polepole soko la zamani, gurudumu linaangukia ndani ya kona lenyewe, lazima nilishikilie.

Ya pili, niliondoa madafu nikaweka mfuko wa saruji wa kilo 50, nimeufunga kwa blada. Sabaki yote, hakuna kitu. Kimya. Nikashusha tena mara tatu.

HamaliMstaafu (#48)
Si nilisema? Saruji haiviringiki.

Mwalimu_Fizikia (#49)
Mzee wangu, 50 si 86. Hatujui kama ni umbo la mzigo au ni uzito. Angeweka kilo 86 za saruji ndipo tungejua. Na hilo la kona ndilo alilolisema MsabahaWelda #18, mkia mrefu huangusha gurudumu ndani ya kona. Nilimpinga nusu, alikuwa na haki nusu.

BintiMaweni (#50)
Na amebadilisha spoku, fimbo, foku na ufungaji ndani ya wiki moja. Sasa kila mtu anadai mgonjwa amepona kwa dawa yake. @MwanaMuyeye, huo utikisikaji unaousikia viganjani, ukibana bomba la juu kwa magoti unakwisha?

MwanaMuyeye (#51)
Unapungua sana, dada. Ukiachia magoti unarudi.

MsabahaWelda (#52)
Fremu! Mguu wa mtu unaishikilia fremu, unatulia. Hiyo ni fremu.

BintiMaweni (#53)
Ama ni gololi za kichwa cha nyuma, kile cha usukani. Kila mtu ametazama kichwa cha mbele. Magoti yanatuliza chochote.

MzeeWaBandari (#54)
Tumia njia ya maseremala wa majahazi wanavyotafuta ubao uliopinda. Funga ufito mnyofu kwenye kila kichwa, zote mbili zimelala mlalo. Simama nyuma, funga jicho moja, zilinganishe ziwe mstari mmoja. Kisha mtu aegemee kitanda upande mmoja kwa uzito wake. Fito zikiachana, bomba linajisokota na Msabaha ana haki. Zikibaki mstari mmoja, mtafute pengine.

MwanaMuyeye (#55)
Nimefanya na shemeji sasa hivi, kwa taa ya simu. Zinaachana. Si sana. Mwishoni mwa fito za mita moja, zinaachana kama upana wa vidole viwili.

MsabahaWelda (#56)
Ilete Jumamosi. Nina kipande cha inchi mbili, sentimita 120, kimebaki kwenye geti la mtu. Nitakikata na kukichomea bure, sharti moja: kila kingine kisiguswe. Foku hiyohiyo, kufunga kulekule, madafu 50 yaleyale.

Mwalimu_Fizikia (#57)
Nakuja na timazi.

Spoku36 (#58)
Na mimi nakuja na spoku 36. Nina gurudumu zima la inchi 20 halina kazi. Tutaliweka baada ya bomba, si pamoja.

MwanaMuyeye (#59)
Jumamosi saa tatu asubuhi, Msabaha. Madafu 50 ya kupimia yawe hayo hayo. Ya kunywa nitaleta mengine.

HamaliMstaafu (#60)
Mimi nitayapakia. Blada ninazo.